Kutoka opera kwenda michezo ya muziki: namna ya kuhama na sauti yako nzima ukiwa hapa Uganda

Hii naandika kwa wale walioingia muziki kwa mlango wa kwaya, wakaanza na solfa (do re mi), wakapanda mpaka noti za mistari, wakafundishwa aria, zile nyimbo za opera za mwimbaji mmoja, za Mozart na Puccini pale Makerere au Kampala Music School ama na mwalimu fulani sebuleni kwake, na sasa wamefika mahali wanajiuliza hii sauti yote niliyoihangaikia itaniweka mjini vipi. Tuseme ukweli tu, Uganda hatuna jumba la opera, ukitaka kuimba opera mwezi baada ya mwezi itabidi upande ndege. Lakini steji tunazo, watunzi tunao, na watu wa Kampala wakisikia kuna mchezo mzuri wenye nyimbo wanakuja na familia nzima. Kwahiyo kuhama kutoka opera kwenda michezo ya muziki si kushuka daraja, ni kufuata kazi ilipo, na wapo waliofanya hivo huko nje wakaendelea kuimba mpaka uzeeni.

Mimi nafundisha sauti hapa mjini na hili swali naletewa kila mara, basi wacha nilijibu lote kwa mpigo. Hata ukisahau mengine yote, shika haya mawili: hama wakati sauti bado iko nzima, usingoje ianze kukukatalia, na safari yenyewe uianzie kwenye kuongea, si kwenye kuimba.

Kwanza ujue ni nini kinabadilika

Kwenye opera unaimba bila maiki, okestra nzima iko mbele yako, na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa lazima akusikie. Inawezekanaje? Nguvu kubwa ya okestra iko chini chini, karibu na hezi 500 (mitikisiko 500 kwa sekunde), halafu inapungua kadiri unavyopanda, wakati sauti iliyofundishwa vizuri inajikusanyia nguvu kule karibu na hezi 3000, mahali ambapo fidla na tarumbeta zimeshalegea na sikio la binadamu ni kali sana. Ndo maana mwalimu wako alikusumbua miaka yote, zoloto (kile kisanduku cha sauti kooni) lishuke, koo lifunguke, irabu ziwe za duara. Alikuwa anakujengea maiki ndani ya mwili. Ila hiyo kitu gharama yake ni maneno. Soprano akifika juu kabisa a na i na u zinaanza kufanana, na watu hawalalamiki manake wamekuja kusikia sauti, tena kwenye majumba makubwa maneno yanaonyeshwa kwenye skrini juu ya steji.

Kwenye mchezo wa muziki umbali unashughulikiwa na maiki na spika. Kazi yako ni mtu aelewe kila neno mara ya kwanza, kwasababu pale wimbo ndo unaosukuma hadithi, mhusika akimaliza kuimba lazima kuna kitu kimebadilika, ameamua kuondoka, ameamua kusamehe, amegundua anadanganywa. Maneno yakipotea hadithi imepotea, hata kama noti ya mwisho uliipiga safi kiasi gani.

Alafu kuna wingi wa kazi. Broadway, zile theatre kubwa za New York, ni shoo nane kwa wiki. Mwimbaji wa opera mwenye sehemu kubwa akiimba leo kwa kawaida anapewa siku mbili tatu za kupumzika. Mwaka 2002 Baz Luhrmann alipoipeleka La Bohème ya Puccini pale Broadway ilibidi wale wapenzi wawili wakuu wawe na jozi tatu za waimbaji wa kupokezana, manake hakuna koo la opera linaloweza kubeba ile kazi kila usiku. Hata The Phantom of the Opera, iliyokaa Broadway tangu 1988 hadi 2023, anayeigiza Christine kawaida anaimba shoo sita na mwenzake anachukua mbili, kwasababu ile sehemu iko juu na ina uopera mwingi. Hapa kwetu hatufiki nane, mara nyingi shoo ni za wikendi, lakini Jumapili unaweza kubebeshwa mbili siku moja, na mazoezi ya usiku baada ya watu kutoka kazini ni mengi kuliko shoo zenyewe. Huko kwenye mazoezi ndo makoo yanakofia.

Lini uhame

Mtu wa kumwangalia ni Ezio Pinza, besi wa Kitaliano, mzaliwa wa Roma mwaka 1892. Aliingia Metropolitan Opera ya New York 1926 akakaa pale misimu 22, alafu Aprili 1949 akatokea Broadway kwenye mchezo wa muziki South Pacific akiwa na miaka 56, na mwaka uliofuata akachukua Tony, ile tuzo kubwa ya theatre ya Broadway. Miaka 56! Kuna watu ambao hawajawahi kukanyaga opera maishani mwao walimjulia pale. Hakuhama kwasababu sauti imekwisha, alihama akiwa bado anaweza kusimama na kuimba mtu akasisimka, na alihama kwa masharti yake, hayo nitayafikia kwenye mkataba.

Miaka mingi baadaye, 2008, sehemu hiyohiyo aliichukua Paulo Szot, baritoni wa Brazil, naye akapata Tony, na 2010 akaimba Metropolitan kwa mara yake ya kwanza. Kelli O'Hara alisomea opera chuoni, akaenda kuwa nyota wa Broadway, alafu Desemba 2014 akasimama Metropolitan, na 2015 akapata Tony yake. Unaona basi, mlango unafunguka pande zote mbili, ila unafunguka kwa mtu ambaye koo lake ni zima. Yule anayekuja kwangu na kusema mwalimu noti za juu zimenikataa, nataka kwenda kwenye michezo ya muziki kwasababu ni rahisi, huyo namwambia kwanza tutibu hilo koo. Kubelti, yaani kupandisha juu ile sauti ya kuongea, shoo mbili kwa siku si kazi ya koo bovu.

Na ujiandae kusemwa. Helen Traubel alikuwa soprano mkubwa wa opera za Wagner pale Metropolitan, meneja Rudolf Bing hakupenda aimbe kwenye vilabu vya usiku, wakaachana 1953, na 1955 dada akaingia Broadway. Hapa kwetu Bing wako anaweza kuwa mzee wa kwaya anayeona theatre ni mambo ya baa. Usigombane naye. Nenda kamwone mwenyewe, mheshimu kama mzazi, mwambie mzee nimepata kazi ya steji, Jumapili hizi na hizi sitakuwepo, hizi nitakuwepo, na zile ulizoahidi uwepo kweli. Ukitoroka kimyakimya utapoteza kwaya, na kwaya utaihitaji bado, nitakuambia kwanini.

Ongea kabla hujaimba

Hapa ndo kazi yote ilipo kwahiyo nakaa kidogo.

Chukua mstari mmoja tu. Tuseme mhusika wako anamwambia mumewe, nilikuambia usiende Jinja. Usiimbe. Simama, mwambie mtu aliye upande wa pili wa chumba, kwa sauti ambayo ungeitumia kweli kama umekasirika lakini hutaki jirani wa ukuta wa pili asikie. Sikiliza uzito umeangukia wapi. Ukiukaza kwenye nilikuambia wewe ni mke anayelaumu, ukiukaza kwenye Jinja basi kule Jinja kuna kitu, pengine kuna mtu. Amua. Sasa sema tena ukizivuta irabu kidogo kana kwamba unamwita ng'ambo ya barabara, bado si wimbo. Alafu uweke wote kwenye noti moja, ile noti unayoongelea kila siku ukiwa umetulia, na usikilize kwa makini, manake hapo ndo opera inarudi kwa mlango wa nyuma: mdomo unasimama wima, nilikuambia inageuka nolokoombo. Ikigeuka, acha, rudi kuongea. Ukiweza kwenye noti moja nenda noti tatu, alafu melodi yenyewe, mwanzo polepole, mwisho kwa mwendo wake.

Kuna binti mmoja nafundisha, soprano wa kwaya, sauti safi mno, lakini melodi ikipanda tu maneno yanapotea. Nilimwambia ushike simu, mtumie rafiki yako voisi noti ya WhatsApp, mwambie huo mstari kama ni habari ya kweli. Akatuma. Alafu nikamwambia uimbe, nao uurekodi, sasa zisikilize zote mbili moja baada ya nyingine. Alinyamaza kabisa. Kwenye voisi noti alikuwa mwanamke mwenye hasira, kwenye wimbo alikuwa noti nzuri tu. Tangu hapo kila wimbo anaanza na voisi noti, na nimewapa na wengine hiyo dawa, inafanya kazi kuliko maelezo yangu yote ya ulimi na taya.

Kama unaimba Luganda, jambo linakuwa zito zaidi kwasababu Luganda maana inakaa pia kwenye kupanda na kushuka kwa sauti na kwenye urefu wa silabi. Nyimbo nyingi za kanisani zilikuja na melodi za Ulaya maneno yakabandikwa juu yake, na sisi tumezoea tangu utotoni hatusikii tena kwamba neno limepinda. Kwenye theatre watasikia. Jjajja aliyekaa mstari wa tatu atamuuliza mjukuu amesema nini huyo, na ukisababisha hilo swali mara tatu umeshampoteza. Kiswahili nacho mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, mtunzi akiubandika pigo zito kwenye silabi ya mwisho ongea naye kwa adabu, mwombe asogeze noti. Watunzi wengi wanakubali ukiwaonyesha kwa kuongea badala ya kubishana.

Sauti ya kifua, na hiyo kubelti yenyewe

Wanaume nyinyi mna nafuu, tayari mnaimba na sauti ya kifua (ile nzito ya kuongea), kazi yenu ni kupunguza ule uzito na ule ufunikaji wa irabu mnaoufanya mkivuka juu, muache ibaki wazi na nyepesi kidogo. Mwenye shughuli hasa ni mwanamke. Soprano wa opera anaachana na sauti ya kifua mapema sana, karibu na E au F ya juu ya C ya kati, kila kilicho juu ya hapo ni sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Michezo ya muziki ya siku hizi inataka ile rangi ya kuongea ipande mpaka A, B, hata C ya juu yake na zaidi. Hiyo ndo kubelti, na baina yake na sauti ya kichwa kuna miksi, mchanganyiko wa kifua na kichwa, ambayo kwa maoni yangu ndo mkate wako wa kila siku, kubelti kwenyewe ni kwa sehemu chache za wimbo.

Anza na kuita. Mwite mtu kwa jina lake kama mama anavyomwita mtoto kutoka mlangoni, ee! wee! njoo! Wanawake wa vijijini kwetu wanaita hivo kutwa nzima bondeni mpaka ng'ambo na hawapasuki koo, kwasababu hawaibebi hewa nyingi, mdomo uko wazi kwa upana, zoloto limeachwa lipande kidogo lenyewe. Wewe opera ilikufundisha kulishusha, sasa ukilishusha na huku unataka sauti ya kifua ipande, unabebana na mwili wako mwenyewe na mwili utashinda. Ita kwenye A, alafu hilohilo ligeuze kuwa neno la wimbo. Dakika kumi, kumi na tano zinatosha mwanzoni, kisha urudi kwenye sauti ya kichwa, shuka taratibu kwa u nyororo mpaka koo litulie. Hewa ni kidogo kuliko ulivyozoea, wengi wanaoumia wanaumia kwa kusukuma pumzi ya opera kwenye nyuzi za sauti zilizofungwa kwa kubelti.

Vibrato, ule mtikisiko wa noti, usiiue, iache ije mwisho wa noti. Shikilia noti ikiwa imenyooka kama unaongea, ukifika mwishoni iachie itikisike. Kwenye opera inaanza noti inapoanza, na ndo kitu cha kwanza dairekta wa muziki atakisikia na kusema huyu ni wa kanisani.

Asubuhi inayofuata jisikilize. Kama umeamka unakwaruza, au noti za juu za kimya kimya zimepotea, jana ulipiga kelele, haikuwa kubelti. Ukiamka hivo wiki mbili mfululizo usinywe tu tangawizi na asali ukasema itapita, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Mulago wana idara nzima ya hayo mambo, waziangalie nyuzi zako kwa kamera. Vinundu vikishikwa mapema mara nyingi vinaondoka kwa kupumzika na mazoezi.

Maiki

Watu wa opera wanaiogopa au wanaidharau, yote mawili makosa. Maiki ya steji inabandikwa shavuni au kwenye mstari wa nywele kwenye paji, waya unapita nyuma ya shingo mpaka kiboksi kiunoni. Fanya nayo mazoezi mapema, omba hata siku mbili kabla, kwasababu jasho linaiziba, wigi linaikwaruza, na ukimkumbatia mpenzi wako wa kwenye mchezo kifua chake kinapiga maiki yako na watu wote wanasikia mgongano. Mshike rafiki yule kijana wa mitambo, mjue kwa jina, mwambie wapi unabelti na wapi unanong'ona ili mkono wake uwe tayari. Na usisukume! Ukisukuma yeye anakushusha, ukijisikia mdogo unasukuma zaidi, mpaka mwisho wa usiku huna sauti na hukusikika.

Sasa hapa ndo mafunzo yako ya zamani yanakuwa dhahabu. Sisi umeme unakatika. Jenereta inachukua muda kuwaka, spika zimekufa, taa ni simu za watazamaji. Mwimbaji aliyelelewa na maiki peke yake anasimama anangoja. Wewe unashusha zoloto, unafungua koo, unarudi opera palepale na ukumbi wote unakusikia mpaka mlangoni. Nimeona hilo kwa macho yangu na ule ukumbi ulisimama. Kwahiyo usiitupe ile sauti, iweke karibu.

Mwili

Mtazamaji wetu hawezi kukaa saa mbili anaangalia mtu amesimama mikono tumboni. Mchezo wa muziki wa Uganda una ngoma ndani yake, utaambiwa ucheze bakisimba, ngoma ya Buganda, na huku unaimba, kiuno kinafanya kazi, kifua kimetulia, miguu inaburuza, na pumzi unaipata pale mpigo unapokuruhusu. Nenda Ndere Centre kule Ntinda uwaangalie wale wachezaji wanaoimba, ile kundi la Ndere liko tangu 1984 na wanajua kuificha pumzi. Zoezi langu ni la bure: panda mlima Namirembe kwa miguu ukiimba mistari ya wimbo wako kwa sauti ndogo, hujakimbia, unatembea tu mwendo wa mtu anayewahi ibada, na ujifunze kuvuta pumzi fupi mdomoni badala ya ile pumzi ndefu ya kiheshimiwa tuliyofundishwa. Mwanzo utakwama nusu ya mlima. Baada ya wiki chache utafika juu na mistari yako yote.

Kuigiza nako usidhani kutakuja kwenyewe. Jiunge na kundi lolote la maigizo ya kawaida, hata uwe mpishi wa pembeni mwenye maneno mawili, ukae kwenye mazoezi usikilize watu wanavyoongea na kujibizana bila muziki wa kuwabeba.

Odisheni

Andaa nyimbo mbili, moja ya polepole yenye maumivu, nyingine ya mwendo wa kasi yenye kuchangamka, zote unazijua hata ukiamshwa usiku. Kwenye kila moja chagua kipande cha baa 16 (baa ni kile kipimo kimoja cha mapigo kwenye noti) na kingine cha baa 32, ndo vipimo vya kawaida, anzia pale hadithi inapogeuka, usipoteze muda na utangulizi. Usiende na aria mpaka uombwe. Najua inauma, ndo kitu unachofanya vizuri kuliko wote humo ndani, lakini ukianza na aria wameshakupangia kwenye nafasi ya kasisi au mzimu kabla hujafika baa ya nane. Imba wimbo wa kuongea kwanza, waamini kwamba wewe ni mtu, alafu wakiuliza una kitu kingine ndo uwape hiyo aria, hapo itawapasua.

Karatasi za mpiga kinanda ziwe za noti za mistari kwenye ufunguo wako, zisomeke, zimebandikwa zisianguke. Solfa usilete, wapo wanaoisoma vizuri sana hapa lakini mpiga kinanda mgeni anaweza asijue. Mwambie mwendo kwa kuimba baa mbili taratibu, usimpigie vidole. Utaombwa kusoma kipande cha maneno, mara nyingi Luganda, saa zingine Kiingereza, na siku hizi Kiswahili kinaombwa pia, na wewe uliyekulia Arua au kambini Bombo au uliyekuja toka Kongo hiyo ni mali yako, itaje mwenyewe wasipouliza. Alafu vaa viatu vya kucheza.

Kazi iko wapi

Usidhani unaanzisha kitu kipya. National Theatre ya Kampala imefunguliwa 1959, na miaka ya sabini Byron Kawadwa alikuwa ameshaweka pale Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa muziki wa Kiganda, muziki wake Wassanyi Serukenya, wakaupeleka mpaka Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Kiafrika, la 1977. Mwaka huohuo Kawadwa alikamatwa akauawa chini ya Amin. Kila nikimfundisha mtu mpya namwambia hilo jina, manake anayesema michezo ya muziki ni mambo ya Wazungu hajui kwamba kuna mtu wa kwetu aliyelipa kwa uhai wake kwa kuufanya. Na Joseph Kyagambiddwa alishaandika oratorio (hadithi ya dini inayoimbwa bila kuigizwa) ya Mashahidi wa Uganda miaka ile ya kutangazwa watakatifu, 1964, kwa muziki uliojengwa kwa asili ya Kiganda. Zisome hizo kazi, ziimbe, ndani yake utakuta sauti kubwa na maneno yanayosikika vinakaa pamoja.

Kwahiyo anza National Theatre, angalia mbao za matangazo, kaa kwenye mazoezi ya wengine, makundi ya Luganda ya mjini yanahitaji mtu anayesoma noti kuliko wanavyokubali. Ukishapata kazi moja au mbili angalia Nairobi, basi la usiku linakufikisha asubuhi, na Kenya National Theatre wanaweka michezo ya muziki mikubwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Ukitaka kuona opera na lugha ya Kiafrika zinavyooana tafuta kazi za Pauline Malefane wa Afrika Kusini, aliimba Carmen kwa Kixhosa kwenye filamu ya uCarmen eKhayelitsha, ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2005.

Na umri usikutishe. Sehemu za wasichana zinapita haraka, sehemu za akina mama, malkia, shangazi mwenye siri, hizo zinakaa, na ndo zinazotaka sauti kubwa iliyokomaa. Patricia Neway alikuwa soprano wa opera, 1959 akapewa mama mkuu wa watawa kwenye The Sound of Music, sehemu si ndefu lakini ina wimbo wa kufungia nusu ya kwanza, akapata Tony 1960. Sehemu za namna hiyo zimeandikwa kwa ajili yetu. Ndo maana pia nilisema kwaya usiiache, kule unaendelea kuimba sauti ya kichwa kila wiki, bila hiyo miaka mitatu ya kubelti inakufungia juu kabisa. Aria moja kwa wiki, nyumbani, polepole, hiyo isikose.

Kula mapema usiku wa shoo, au kula kidogo. Baada ya shoo wenzako wataenda muchomo (nyama choma) na chipsi saa sita usiku, ukila hivo ukalala saa saba asidi inapanda na kuchoma nyuzi, unaamka huna sauti na unalaumu hali ya hewa. Kwenye boda funga kitambaa mdomoni, vumbi na moshi wa Kampala si mzaha. Maji mchana kutwa, si glasi moja dakika tano kabla hujapanda.

Mkataba

Turudi kwa Pinza. Mkataba wake wa South Pacific ulisema asiimbe zaidi ya dakika 15 kwa kila shoo. Mtu mkubwa vile, misimu 22 Metropolitan, na bado alijua koo lake lina kipimo akalilinda kwa maandishi. Wewe labda huna nguvu ya kudai dakika, lakini yapo unayoweza kuyaomba na ukapewa ukiomba mapema, kabla mabango hayajachapwa: kwamba siku ya shoo mbili sehemu za juu kabisa za mazoezi ya asubuhi uziimbe kwa sauti ndogo, kwamba kuna mtu wa pili anayejifunza sehemu yako, kwamba mazoezi yakipita saa tatu usiku nauli ya kurudi nyumbani ni ya kwao. Andika ni shoo ngapi, malipo ya kila shoo au ya jumla, nusu ya kwanza inaingia lini, ikiwezekana kwenye mobile money kabla ya shoo ya kwanza. Andika itakuwaje wakirekodi na kuweka YouTube, na kama mchezo utasafiri kwenda Mbarara au Gulu nani analipa malazi. Msaini wote wawili, upige picha hiyo karatasi na ujitumie mwenyewe, alafu ndo uende mazoezini.